Wastaafu Wawili na Wiki Isiyo na Jioni Tupu: Uchambuzi wa Kisa

Aliyeanza kulalamika si mume wala mke, ni binti yao. Anaishi mji mkubwa, mbali kidogo, na alipiga simu kuomba aje na watoto wakae nao wikendi moja tu. Akaambiwa asubiri, kalenda itazamwe. Wikendi ya kwanza kulikuwa na harusi. Ya pili, mnada wa hisani. Ya tatu, mkutano mkuu wa mwaka wa chama ambacho baba ni mweka hazina wake, na mweka hazina hawezi kukosekana siku ya kusomwa hesabu. Binti akauliza, nusu utani nusu kweli: "Hivi nyie mmestaafu au mmeajiriwa upya?" Mama akacheka. Baba hakucheka, na usiku ule hawakulala mapema.

Mume ana miaka 68, mke 65. Mume alikuwa mhasibu serikalini, mke mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Wamemaliza mwaka wa nne tangu waache kazi, afya zao si mbaya, pensheni inawatosha watu wasio na makuu, na wanaishi kwenye mji mdogo wa mashambani ambako anayekuuzia dawa ndiye anayeimba nyuma yako kwenye kwaya. Kisa nimekiunda kutokana na mambo yanayojirudia katika nyumba nyingi za wastaafu wa miji ya aina hii, ndiyo maana watu wake hawana majina na mji wao pia hauna.

Wiki yao ya kawaida ilikuwa hivi. Jumatatu jioni, kamati ya maktaba: mume mweka hazina, mke alialikwa "kusikiliza tu" na sasa ndiye anayeandika kumbukumbu za kikao. Jumanne, kwaya, mke anaimba, mume anaendesha gari na kusubiri, na kwa kuwa yupo yupo tu, amekabidhiwa ufunguo wa ukumbi na kazi ya kupanga viti. Jumatano, karata, nyumba nne kwa zamu. Alhamisi, kutembelea wagonjwa na wazee wasiotoka nje. Ijumaa huachwa wazi kwa ajili ya kupumzika, na ndiyo inayomezwa na misiba, maana waliosoma nao wamefika umri wa kuzikana. Jumamosi, sherehe ya mtu. Jumapili, ibada, wageni wa mchana, kisha simu kwa watoto jioni, wakati wote wawili wamechoka kiasi kwamba wanasimulia ratiba badala ya kuzungumza.

Kalenda yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Imebandikwa kwenye mlango wa jikoni, na tangu mwanzo walikubaliana kwamba shughuli za mume zitaandikwa kwa kalamu ya bluu na za mke kwa nyekundu, ili ijulikane lipi ni la nani. Walipoishusha baada ya ile simu na kuilaza mezani, waliona kwamba bluu nyingi ni mwandiko wa mke. Yeye ndiye anayepokea simu, ndiye anayekutana na watu njiani, ndiye anayesema, "Nitamwambia, hana neno." Na nyekundu kadhaa, hasa za Alhamisi, zilikuwa na zile herufi za mume zilizolalia kulia: kila aliyemwambia "mgonjwa wetu anamuulizia Mwalimu" alijibiwa ndiyo papo hapo. Sehemu kubwa ya wiki ya kila mmoja ilikuwa imejazwa na mwenzake, kwa nia njema kabisa.

Maelezo ya haraka ambayo wengi wangeyatoa hapa ni kwamba watu hawa wanaogopa utupu. Kazi imeondoka, heshima ya cheo imeondoka, basi wanajaza shimo. Si maelezo ya kudharau. Thomas Holmes na Richard Rahe, walipotoa mwaka 1967 ile orodha yao ya matukio yanayomchosha mtu, kustaafu walikuweka nafasi ya 10 kati ya matukio 43, kwa alama 45. Kifo cha mwenza kilikuwa juu kabisa kwa alama 100. Robert Atchley naye, katika miaka ya 1970, aliandika juu ya hatua za kustaafu, na moja ya hatua za mwanzo aliiita fungate: mtu anakimbilia kila alilokuwa akiliahirisha. Lakini fungate haikai miaka minne. Tena, ukimuuliza mume huyu ni lini alitamani kuwa mweka hazina wa vyama vitatu, hatakuambia ni ndoto yake ya ujanani. Aliombwa. Nadhani kosa la maelezo ya utupu ni kwamba yanatafuta sababu yote ndani ya vifua vya wazee wawili na kuusahau mji.

Mji una hesabu yake. Mtu aliyeifanya hesabu hiyo vizuri kuliko wote ni mwanasaikolojia Roger Barker. Mwaka 1947 yeye na mwenzake Herbert Wright walifungua kituo cha utafiti katika mji mdogo wa Oskaloosa, jimbo la Kansas, Marekani, wenye watu kama 700 hivi, na Barker akahamia huko na familia yake. Hawakuwaita watu maabara. Waliwaandika wakiwa dukani, kanisani, shuleni, mikutanoni. Baadaye Barker na Paul Gump walilinganisha shule kubwa na shule ndogo, wakachapisha matokeo mwaka 1964. Shule kubwa ilikuwa na shughuli za aina nyingi zaidi, kama mtu ungetegemea. Ila mwanafunzi mmoja mmoja wa shule ndogo alishiriki mambo mengi zaidi, na alishika nafasi za kuwajibika mara nyingi zaidi. Sababu yake ni nyepesi: mchezo wa kuigiza unahitaji idadi ileile ya waigizaji, timu inahitaji idadi ileile ya wachezaji, iwe shule ina wanafunzi 2,000 au 100. Watu wakipungua, viti havipungui. Kila aliyepo anavutwa kwa nguvu zaidi, anapewa kazi ngumu kuliko angestahili penginepo, na asiyejua sana anapokelewa hivyo hivyo kwa sababu hakuna mwingine.

Ukiisoma kalenda ya jikoni kwa macho hayo, wiki nzima inajieleza. Maktaba ya mji mdogo inahitaji mwenyekiti, katibu na mweka hazina sawasawa na maktaba ya jiji. Kwaya inataka sauti nne. Mnada wa hisani unataka mtu wa kupiga nyundo na mtu wa kuhesabu fedha. Wanaofaa ni haohao kumi na tano au ishirini, na kati yao wengine wapo kazini hadi jioni. Halafu anatokea mhasibu aliyestaafu, mwaminifu, mwenye gari, na kila mtu mjini anajua tarehe aliyoacha kazi kwa sababu walikula keki yake ya kuagwa. Atakwepa wapi?

Kujitoa nako hakuna njia rahisi. Mwanaanthropolojia Max Gluckman, aliyechunguza mabaraza ya Walozi wa Barotse katika nchi ambayo leo ni Zambia, alieleza jinsi uhusiano wa watu wa jamii ndogo unavyobeba mambo mengi kwa pamoja: mtu yuleyule ni jirani, shemeji, mdai na mshirika wa kazi, kwa hiyo ugomvi wa jambo moja unatikisa mengine yote. Hali hiyo haiko Barotse peke yake. Mwenyekiti wa kamati ya maktaba ndiye daktari anayempima mume shinikizo la damu, na mke wa daktari huyo ni mmoja wa wale wa karata za Jumatano. Kwa mtu wa jiji, kuacha kamati ni kutuma ujumbe mfupi wa simu. Kwa hawa, kuacha kamati kunafika hadi chumba cha daktari, kunafika hadi meza ya karata, na kunarudi nyumbani kwa sura ya "tumesikia mmechoka, mnaumwa?"

Mpaka hapa unaweza kudhani tatizo lao ni wingi tu na dawa ni kupunguza. Jumatano inaonyesha kwamba mambo yamejificha zaidi.

Kati ya jioni zote, ile ya karata ndiyo iliyowaletea ugomvi. Walikuwa garini, wakirudi. Mume alikuwa kimya njia nzima na mke akasema, "Baba watoto, kama hufurahii ungesema, mimi naenda kwa ajili yako." Mume akakaribia kusimamisha gari. "Kwa ajili yangu? Mimi naenda kwa ajili yako wewe! Nilidhani ndiyo jioni yako ya kucheka." Mke alikuwa ameamini tangu mwanzo kwamba mwanamume aliyeachana na wenzake wa ofisini anahitaji kampani ya wanaume wengine. Mume aliamini kwamba mwanamke aliyezoea chumba cha walimu anahitaji mazungumzo. Hakuna hata mmoja kati yao anayependa karata.

Jerry Harvey, mwalimu wa masuala ya uongozi, alisimulia jambo la namna hii mwaka 1974, na ilitokea pia katika mji mdogo, Coleman, Texas. Watu wanne wa familia moja walikuwa barazani wakicheza dhumna, joto kali, wameridhika. Baba mkwe akasema twende Abilene tukale. Ni maili 53, kama kilomita 85, gari halina kiyoyozi, vumbi jingi. Kila mmoja akasema wazo zuri. Waliporudi hoi ikagundulika hakuna aliyetaka kwenda, hata baba mkwe mwenyewe. Alitoa wazo kwa sababu alihisi wenzake wamechoshwa na kukaa. Hoja ya Harvey ni kwamba watu huumia zaidi kwa makubaliano wasiyoyasema kuliko kwa ugomvi. Wanandoa wetu walikwenda Abilene yao kila Jumatano, na sina shaka kwamba kati ya zile nyumba nyingine tatu kuna angalau moja iliyokuwa ikijikokota vilevile.

Lakini kwa mume kulikuwa na jambo la pili, na hili ndilo ninalolipa uzito zaidi katika kisa hiki kizima. Mke alikuwa amezoea kukaa kuliani kwake mezani. Hawakuwahi kulizungumzia. Mtu akisema jambo upande wa pili wa meza, mke alilirudia kwa sauti ya chini kama anayeongezea tu maneno, na mume akacheka nusu sekunde baada ya wengine. Kwenye kikao cha maktaba hakukuwa na shida, maana huko watu huzungumza mmoja mmoja. Kwenye karata, watu wanane, redio ikilia, vyombo vikigongana, alikuwa akishika nusu ya maneno na kubahatisha nusu nyingine.

Usikivu wa uzeeni mara nyingi huanza kuondoka kwenye sauti nyembamba za juu, na huko ndiko ziliko konsonanti kama s, f na sh. Irabu zinabaki. Ndiyo maana mzee husema "nasikia, ila sielewi mnasema nini," na hadanganyi: kati ya "fika" na "shika" kilichomfikia ni "ika". Nyumbani, na mtu mmoja, ubongo unaziba pengo. Kwenye kelele unafanya kazi hiyo kwa saa tatu mfululizo, na mtu anarudi nyumbani amechoka kama aliyebeba mizigo. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 25 ya watu waliopita miaka 60 wana upungufu wa kusikia wa kiwango kinachowalemaza. Mume alijiona amekuwa mtu wa hasira asiyependa watu. Mke alimwona amenuna. Miaka minne, na hakuna aliyetaja masikio.

Kwa hiyo katika jioni moja kulikuwa na adabu iliyozidi, na kulikuwa na ugonjwa. Ukipunguza shughuli bila kuvitenganisha hivi viwili, utaondoa jioni zisizo na kosa na kuacha zenye kosa.

Upande wa mke, kilichopotea kilikuwa kingine. Ana rafiki mmoja wa tangu chuo cha ualimu, mjane, anayeishi mtaa wa pili. Ukimuuliza mke ni nani angempigia usiku akiwa na shida, anamtaja huyo kabla hujamaliza swali. Ukitazama kalenda, jina lake halipo. Hana kamati, haimbi, hachezi karata, hajaugua kiasi cha kuingia kwenye orodha ya Alhamisi. Hakuna kiti chenye jina lake, basi hakuna siku yake. Walikuwa wakionana kwenye misiba.

Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, tangu miaka ya 1990 amekuwa akionyesha kwamba watu wanapoona muda uliobaki umekuwa mfupi, hupunguza wenyewe duara la watu wanaowazunguka, wakiacha waliozoeana nao juujuu na kubaki na wale wa moyoni. Zamani hali hiyo ilitafsiriwa kama unyonge wa uzee. Yeye aliiona ni uchaguzi, na wazee wanaouchagua mara nyingi wana furaha kuliko vijana wenye watu tele. Sasa ukiweka maelezo yake kando ya yale ya Barker, unaona kwa nini mke huyu hakuwa na raha katikati ya watu wanaompenda: umri ulikuwa unampogoa, mji ulikuwa unampandikizia. Na mji ulikuwa unashinda kwa sababu una kengele, una vikao, una barua za mialiko. Rafiki wa kweli hana kengele.

Nisieleweke kwamba nawapigia debe wajifungie ndani. Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya mwaka 2010 matokeo ya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakaona kwamba wenye uhusiano imara na watu walikuwa na uwezekano wa kubaki hai ulio juu kwa asilimia 50 kuliko wasio nao katika kipindi walichofuatiliwa. Wale watu juujuu wa kwaya na maktaba nao wana kazi: ndio watakaogundua kwamba leo mzee hakuonekana. Mstaafu anayeacha kila kitu kwa mkupuo hujikuta baada ya mwaka mmoja akitamani hata kile kikao cha saa mbili kuhusu mapazia ya ukumbi.

Walichofanya hakikuwa cha ajabu. Kwanza, kila mmoja alikatazwa kumkubalia mwenzake jambo lolote. Jibu la mlangoni na la simu likawa moja: "Nitamuuliza, atakupigia mwenyewe." Hatua hiyo peke yake iliondoa mambo mengi kuliko walivyotarajia, kwa sababu watu wengi walioomba kupitia kwa mke hawakuwa na ujasiri wa kumwomba mume uso kwa uso. Mume alipimwa masikio na akapata vifaa vya kusaidia kusikia, akavichukia wiki za mwanzo kwa sababu vilimletea hadi mlio wa karatasi, kisha akavizoea. Karata ziliachwa, lakini nyumba moja kati ya zile tatu wanaikaribisha bado, watu wanne, redio imezimwa. Mke alipewa Alhamisi peke yake na akaitumia asubuhi kwa wagonjwa na alasiri kwa yule rafiki, na jina la rafiki likaandikwa kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu kama kikao kingine chochote. Naona hilo ndilo jambo la akili kuliko yote waliyoyafanya. Kama kiti ndicho kinachotawala wiki ya mji mdogo, mpe rafiki kiti.

Uweka hazina ulikuwa mgumu. Mume alitoa taarifa ya kujiuzulu kwa vyama vyote vitatu siku moja, jambo ambalo mimi nisingemshauri, na mmoja wa wenyeviti alinuna waziwazi. Viwili vilipata watu baada ya yeye kukaa nao miezi kadhaa akiwaonyesha vitabu vya hesabu. Mmoja wao ni kijana wa duka la dawa ambaye hakuna aliyewahi kumwomba kitu kwa sababu kila mtu alidhani yuko bize. Kamati ya maktaba ilikosa mtu kabisa. Ikaamua kukutana kila baada ya miezi miwili badala ya kila wiki, na vitabu vikaendelea kuazimwa kama kawaida. Kikao cha kila wiki kilikuwepo kwa sababu kulikuwa na mtu wa kukiandalia taarifa.

Ijumaa haijapata ufumbuzi. Mke anashikilia kwamba msiba haukataliwi, na asiyezika wenzake atazikwa na nani. Mume anasema kuna marehemu ambao hata hawakuwahi kusalimiana nao, na anakwenda kwa sababu gari lake linahesabiwa kwenye msafara. Kwa sasa wamekubaliana kwamba mmoja akienda inatosha kwa nyumba nzima, ila bado wanabishana juu ya nani aende, na mume ameanza kusema kwamba kuendesha usiku kunamsumbua macho. Hilo likiwa kweli, Jumanne ya kwaya nayo itahitaji dereva mwingine, na mke ameshamtajia jambo hilo kijana wa duka la dawa.